Mwongozo wa Kuitibua Hilux Iliyotulia

Kwanza hakikisha gari lako halina ubovu wowote. Ukianza na gari bovu watu watadhani unalitengeneza, na kutengeneza si fani yetu hapa. Mwongozo huu ni wa mwenye pikapu nzima. Tuchukue Hilux ya kizazi cha tano, zile zilizotoka kati ya 1988 na 1997: singo kebini, nyeupe, injini ya dizeli ya 3L, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Asubuhi inawaka mara moja. Haichemshi, haili oili, haijawahi kukulaza njiani. Inateremka na viazi kutoka Njombe, inapanda na saruji, haina maneno.

Ukiwa na gari la namna hiyo, pole sana, maana halikupi cha kusimulia. Wenzako kijiweni wanazungumzia injekta, sensa na kompyuta za gari, wewe umebaki na bei ya viazi. Ukipanda mlima na mzigo, basi dogo linakupita likiwa limejaza abiria hadi mlangoni, na kondakta anakupungia mkono kwa huruma. Siku hiyo wazo la kuongeza nguvu litakujia. Lipokee, likaribishe kiti.

Lugha ya kuanzia ni pumzi. Usiseme gari lina miaka thelathini, sema limepungukiwa pumzi. Na hapo utakuwa hujadanganya. 3L ina cc 2,779 na ilitoka kiwandani na farasi wapatao 90, ambao wakati huo walikuwa vijana. Haina tabo, inavuta hewa yenyewe kwa kadiri inavyoweza. Injini ya aina hiyo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa ya juu ni hafifu. Ukitoka Dar es Salaam na farasi 90, Iringa iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari utaingia na farasi 77 hivi. Waliobaki wamekaa Ruaha Mbuyuni wanakula vitunguu.

Epuka historia. Mwaka 2003 kipindi cha televisheni cha Top Gear, huko Uingereza, kilinunua Hilux kuukuu ya dizeli kwa nia ya kuiua. Wakaifunga ufukweni hadi bahari ikaifunika. Wakaichoma moto. Mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu, jengo likabomolewa kwa baruti, na Hilux ikashuka nalo. Fundi akaifukua, akaigonga hapa na pale kwa zana za kawaida, ikawaka. Ukiitazama video hiyo utaanza kuliheshimu gari lako, na mtu anayeliheshimu gari lake hawezi kulishusha injini. Ila angalia vizuri walichotumia: bahari, moto na baruti. Fundi wa kuongeza nguvu hawakumjaribu.

Sasa tafuta fundi. Dar es Salaam nenda Gerezani, Kariakoo, ukaanzie kwenye mitaa ya spea za mtumba. Ukiwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga itakufaa vilevile. Kuna fundi mmoja wa kumkimbia kabisa. Ni mzee, ovaroli yake imefifia, na hana haraka. Ukimwambia gari halina pumzi atakuuliza nozeli zilipimwa lini mara ya mwisho. Atachomoa filta ya hewa, aigonge sakafuni, limwagike vumbi lote la Makambako. Ataangalia kama pampu ya dizeli iko kwenye taimingi yake, kama mkanda wa taimingi umeshapita kilomita 100,000, kama nafasi za valvu ziko sawa, kama breki za nyuma hazishiki gurudumu muda wote unaendesha. Kisha atakurudishia gari likiwa na farasi wake karibu wote wa zamani, kwa pesa ambayo isingetosha hata kushusha injini. Mzee huyu ataua mradi. Mnunulie soda, mshukuru, ondoka.

Fundi unayemtaka ni yule wa neno moja.

"Fundi, 1KZ inakaa humu?"

"Inakaa, bosi."

"Na 1KD?"

"Inakaa."

"Na ya Scania?"

Hapo atainama chini ya boneti kidogo, kwa heshima ya swali. "Hiyo itabidi tugonge kidogo pale nyuma."

Huyo ndiye. Ukiona hajakuuliza unabeba nini wala unakwenda wapi, mpe malipo ya awali.

Njia za kuongeza nguvu ni kadhaa. Ya mwenye haraka ni skrubu. Nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu ndogo inayopanga kiasi cha mafuta, na kiwandani huifunga makusudi ili mtu asiiguse. Fundi ataigusa. Dakika chache baadaye gari linachomoka na nyuma yake kuna wingu jeusi. Wingu hilo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia, yaani umenunua mafuta, umeyapasha moto, na umewamwagia waendesha bodaboda. Joto la moshi unaotoka kwenye hedi nalo hupanda, na hedi za ukoo huu wa injini za L, hasa ndugu yao 2L-T mwenye tabo, zina sifa ya kupasuka. Hayo ni ya baadaye. Kwa sasa furahia kutajwa jina na bodaboda.

Njia nyingine ni kuifungia 3L tabo juu kwa juu. Injini hii ilisukwa kwa mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, kwa sababu hakuna aliyetarajia kwamba siku moja itasukumiwa hewa kwa nguvu. Mtu makini anaweza kufanikiwa: aweke presha ndogo, bomba la uhakika la oili ya tabo, na geji ya kupima joto la moshi. Geji hiyo ndiyo kitu cha kwanza utakachoshauriwa kukiacha ili kupunguza gharama. "Ya nini, bosi? Ikizidi utasikia mwenyewe." Na kweli utasikia.

Wengi huishia kwenye 1KZ-TE, ile ya cc 2,982 yenye tabo iliyokuwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Ina farasi kama 130, lakini jambo lenyewe liko kwenye msokoto: 3L haifiki Nm 200, 1KZ-TE inakaribia 290, na inautoa chini chini kabla injini haijaanza kupiga kelele. Hapa kejeli yangu inaishiwa maneno, kwa sababu ni injini nzuri na inakaa bila kukata sana. Udhaifu wake unajulikana: ikichemka tu, hedi inapasuka. Inataka rejeta kubwa, feni inayoshika na kifuniko cha rejeta kinachobana presha. Kwa hiyo ili mwongozo uendelee, iwekee rejeta ile ile ya 3L. Fundi atakuunga mkono, kwani mbona haikuwa na tatizo?

Kama bado unakumbuka machungu ya kijiweni, utaruka hayo yote uende 1KD-FTV, yenye maandishi ya D-4D. Zaidi ya farasi 160. Hapa ndipo tunapoingia kwenye sanaa.

Injini ya mtumba hununuliwa kwa macho. Imewekwa juu ya tairi kuukuu, imeoshwa kwa dizeli, inang'aa. Muuzaji atakuambia imeshuka na kontena wiki hii kutoka Japani na imetembea kidogo sana, kwa kuwa Mjapani, inavyojulikana Kariakoo nzima, hununua gari akaliacha nyumbani na kupanda treni. Ataizungusha kwa spana mbele yako. Ikizunguka, ni nzima. Dhamana utapewa, na ina sharti moja tu: isiguswe. Kuifunga kwenye gari ni kuigusa.

Ili iwake, 3L inataka dizeli na waya mmoja wa kufungulia mafuta. 1KD inataka kompyuta yake, msitu wake wa waya, sensa zake, pedeli yake isiyo na kebo, na mara nyingi ufunguo wake, ule ule iliotoka nao kwenye gari lake la kwanza. Ukinunua injini bila kompyuta umenunua nanga. Ukinunua kompyuta bila ufunguo umenunua nanga yenye waya. Hapo ataitwa fundi umeme, ambaye daima yupo Mbagala na anakuja. Akifika atachukua waya zote za 1KD azimwage juu ya kiti cha abiria, aziangalie kwa muda, kisha aulize, "Nani alizikata hizi?" Hakuna atakayejibu. Ataanza kuunganisha moja moja kwa rangi, na rangi zikiisha ataunganisha kwa imani. Taa ya njano ya injini itawaka kwenye dashibodi, ikatae kuzimika, na suluhisho lake ni kipande cha utepe mweusi juu yake.

Usimweleze mtu yeyote habari za mafuta. 3L ilivuka salama miaka ya uchakachuaji, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011 ili isiwe na faida kuyachanganya na dizeli. Ilikunywa chochote, ikakohoa, ikaendelea na safari. Injekta za 1KD hupitisha dizeli kwenye matundu membamba mno kwa presha kubwa ajabu, na zikionja maji ya dumu la pembeni mwa barabara zinagoma. Gari likizima Mikumi usiku, 3L ulikuwa unaitoa hewa kwenye filta kwa kupampu kidude cha juu, ukaondoka. 1KD inataka mtu mwenye kompyuta ya kupimia, na aliye karibu yuko Morogoro, amelala.

Na ile 3L iliyoshushwa? Fundi atasema, "Iache hapa bosi, itaondoka na vyuma chakavu." Mwachie. Usiulize inaondoka lini wala na nani.

Injini ikishapanda, nguvu mpya itatafuta pa kutokea. Itaanza kwenye klachi, ambayo ilizoea maisha mengine. Utakanyaga mafuta, mlio utapanda, gari litabaki na mwendo wake wa zamani, na kebini itajaa harufu ya klachi inayoungua. Ukibadilisha plati na presha plati, nguvu itasogea nyuma kwenye giaboksi, kutoka giaboksi iende kwenye jointi za propela, kutoka hapo kwenye difu. Wenye subira hununua vyote hivyo pamoja na injini, kutoka gari moja. Wewe vinunue kimoja kimoja, kila kimoja kikishavunjika, na ikiwezekana kivunjikie mbali na mji.

Kuhusu joto, utashauriwa kutoa themostati. "Ya nini huku kwetu? Hii ni ya nchi za baridi." Ni maneno matamu na yamesikika Afrika Mashariki nzima. Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kujichakaza. Tena kwenye injini ambazo themostati ndiyo inayoziba njia ya pili ya maji, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari huanza kuchemsha mlimani kwa sababu ya kifaa ulichokitoa ili lisichemshe. Fundi akielezwa hivyo atasema tatizo ni kifuniko cha rejeta. Weka maji ya bomba, beba dumu la lita ishirini, na jifunze kuegesha mahali penye kivuli.

Breki ziache zilivyo. Gari limeongezewa farasi sabini na ushei, breki za nyuma ni zile zile za viatu ndani ya dramu, na hakuna atakayekuuliza kijiweni kuhusu breki. Nguvu ina mlio na mlio una mashabiki.

Badala yake linyanyue gari. Pikapu ikiwa chini inaonekana ya kazi. Mbele, kama ina tosheni baa, fundi atakaza bolti mbili na pua itainuka, na ghafla kila jiwe la barabarani litakufikia mgongoni. Nyuma atachomeka bamba la ziada la springi au vyuma virefu vya kuning'inizia springi. Huko nyuma kuna kitu ambacho wengi hawakijui, nami nimewahi kukiona kimekatwa kabisa na kufungwa kwa waya: fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki iliyo juu kwenye chasisi. Kazi yake ni kusoma mzigo. Gari likiwa tupu, springi zikiwa zimeinuka, valvu hupunguza breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge ukaserereka. Likipakiwa, nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, breki za nyuma zinaongezwa. Sasa ukilinyanyua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, valvu itaamini maisha yake yote kwamba gari ni tupu. Utashuka mlima wa Kitonga na tani ya viazi, na breki za nyuma zikiwa mapumzikoni. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo hakuna anayeikumbuka.

Matairi yawe makubwa, yenye meno, yachungulie nje ya bodi. Ukitoka kwenye tairi za inchi 29 ukaweka za 33, spidi mita ikisema 80 wewe uko 91, jambo utakaloelezwa vizuri na askari wa tochi. Mzunguko mkubwa wa tairi pia unarefusha kila gia, hivyo ile nguvu uliyoinunua kwa mamilioni inarudishwa dukani robo robo. Steringi itakuwa nzito na breki, kama tulivyokubaliana, zimeachwa zilivyo.

Tuje kwenye starehe. Springi za nyuma za Hilux zilipangwa kubeba tani, na gari likiwa tupu zinaruka kwenye kila tuta na kukukumbusha hilo. Wapo watakaokushauri ubadilishe shokapu zilizokufa, bushi za springi zilizokwisha, raba zinazoshikilia kebini na injini, upake grisi kati ya mabamba, na upunguze upepo wa tairi usipokuwa na mzigo. Wanasema nusu ya kelele na mitikisiko inaondoka hapo hapo. Ni watu wa aina ya yule mzee wa soda.

Sisi tunachomoa mabamba mawili ya springi. Gari linakuwa laini, linayumba vizuri kwenye kona, na siku ukipakia viazi bodi inakaa juu ya tairi. Basi unayarudisha mabamba, na ili kupata ulaini unapakia mifuko ya mchanga bila kwenda nayo popote. Mimi napenda sana hatua hii. Umeongeza nguvu ili gari liwe jepesi kwenda, kisha umelibebesha kilo mia mbili na hamsini za mchanga wa Mbagala ili likae vizuri, na kila mtu gerejini anaona ni sawa.

Kiti. Cha Hilux ni benchi lililonyooka, mgongo wima, lilitengenezwa kwa mtu anayeshuka kila baada ya dakika kumi kufungua geti. Mshona viti mzuri wa mtaani angelijaza sponji mpya ngumu na kulipa mgongo umbo. Acha. Nunua viti viwili vya Mark II, vya umeme, vya velveti. Reli zake hazilingani na matundu ya sakafu, kwa hiyo mtu wa kuchomelea ataleta vyuma vya kona na kuvichomelea sakafuni huku zulia likiungua taratibu na wewe ukilimwagia maji kutoka kwenye chupa. Viti vikishakaa utagundua viko juu kuliko vya mwanzo. Kichwa kinagusa paa. Macho yanatazama katikati ya kile kizuia jua. Swichi za umeme zingekushusha, lakini waya zake zilikatwa na yule yule ambaye hakujibu. Mikanda ya usalama nayo haifiki. Abiria wa tatu, ambaye kwenye benchi alikuwa anakaa na mtoto mapajani, sasa anakaa kwenye mwanya kati ya viti au anabaki Mafinga.

Kiyoyozi kinataka uvumilivu. Pikapu nyingi za aina hii zilikuja bila, na zilizokuja nacho mwanzoni zilitumia gesi ya R12, iliyoachwa kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Mtaani utajaziwa R134a, na kama mipira ya maungio na oili ya kompresa havikubadilishwa, itadumu mpaka ufike nyumbani. Kondensa hukaa mbele ya rejeta na kupeleka joto lake kwenye rejeta, ile ile ndogo tuliyokubaliana isibadilishwe. Na kompresa haizungushwi na upepo. Inakula farasi kadhaa, na ukipanda mlima utaizima ili gari lisichemshe, ushushe kioo kwa mkono, jasho litiririke. Muziki ni suala la fundi mwingine na sitaligusa, ila ujue betri moja haitatosha.

Karatasi ni sehemu fupi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na injini uliyonayo si hiyo. Kubadilisha taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kunawezekana, kunataka nyaraka za injini mpya na ukaguzi, na ukishafanya hivyo bima yako inakuwa na maana siku ya ajali. Risiti uliyopewa imeandikwa kwa mkono, haina jina la duka, na inasema "enjin 1". Itunze.

Baada ya hapo, safari ya majaribio. Ondoka Dar alfajiri. Kutoka Kibaha hadi Chalinze utakuwa nyuma ya malori, na kila kijiji kina kibao cha 50 na askari aliyesimama kwenye kivuli cha mwembe. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi, kuna matuta, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Farasi wako zaidi ya 160 wanatembea na pundamilia bila kuwaacha. Mbuyuni utanunua vitunguu. Kisha Kitonga, mlima ambao kwa ajili yake ulifanya yote haya. Mbele yako lori la mafuta la kwenda Zambia limeshika gia ya kwanza, mbele yake lingine, mbele yake lingine, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Hakuna pa kupita. Utapanda Kitonga yote kwa mwendo wa mtu aliyebeba kuni, tabo ikipiga mluzi, geji ya joto ikinyanyuka, dumu la maji likigonga nyuma ya kiti. Nyuma yako, singo kebini nyeupe ya 3L imejaza mbao, inakufuata bila wasiwasi.

Ukirudi utataka kuuza. Tangazo liandike hivi: Hilux kali, injini D-4D, AC, viti vya kisasa, tairi mpya, unawasha unaondoka, bei maongezi. Usitaje mchanga. Mnunuzi wa kwanza atataka kujua kwenye kadi ni ya mwaka gani, utasema 1994, naye atataja bei ya Hilux ya 1994. Utamweleza umetumia kiasi gani. Atakusikiliza kwa adabu zote, afungue boneti, aziangalie zile waya, aifunge polepole.

"Bosi, hii ilikuwa na 3L?"

"Ndiyo."

"Ukiirudishia 3L yake, nakupa hela leo."

Panda bodaboda mpaka kwa fundi. Atakuambia iliondoka wiki ile ile, aliichukua jamaa mmoja aliyekuwa na 1KD kwenye Hilux yake ikamchosha. Nyingine zipo mbili pale nyuma, lakini bei imepanda, maana siku hizi zinatafutwa sana.